UZI MAALUM: Christian Okoye, Mnaijeria aliyeanza futiboli ya Kimarekani na miaka 23 akaja kuongoza NFL nzima, ligi kuu ya mchezo huo Marekani

#1 – Mleta mada

Wakuu habari za jioni. Najua humu ndani watu wa soka ndo wengi, lakini naomba mnivumilie leo, kuna Mwafrika mwenzetu alifanya jambo Marekani ambalo mpaka kesho naona halijapewa heshima yake, na wanaomkumbuka wengi wanamkumbuka kwa vitu viwili tu ambavyo vyote vinampunguza. Nitavifikia.

Anaitwa Christian Okoye. Muigbo, kazaliwa Enugu, Nigeria, tarehe 16 Agosti 1961. Pigeni hesabu hapo, vita ya Biafra inaanza Julai 1967 huyu mtoto hajafikisha hata miaka 6, na Enugu ndo ulikuwa mji mkuu wa Biafra, jeshi la serikali likauteka Oktoba mwaka huohuo. Utoto wake umepita humo. Baada ya vita akakua kama watoto wengine, anacheza soka, alafu mwili ukaanza kupanuka akahamia riadha upande wa kurusha. Tufe, nyundo na kisahani, ila kisahani ndo kilikuwa chake hasa.

1982 akapata skolashipu ya kwenda Azusa Pacific, chuo kidogo cha Kikristo huko California. Alienda kurusha kisahani. Futiboli ya Kimarekani alikuwa haijui na alipoiona haikumvutia kabisa, alikuwa mtu wa ndoto moja tu, Olimpiki. Na Olimpiki ya 1984 ilikuwa inafanyika wapi? Los Angeles hapohapo, kilomita 40 hivi kutoka chuoni kwake. Nigeria ikatoa orodha ya timu, Okoye hayumo. Mwenzake wa chuo hichohicho na Mnaijeria mwenzake, Innocent Egbunike, akaenda, akakimbia kwenye mita 400 kupokezana vijiti, Nigeria ikachukua shaba. Yaani michezo unayoiota inachezwa mlango wa pili, rafiki yako yupo ndani, wewe umeachwa nje na nchi yako mwenyewe.

Hapo ndo akakubali kujaribu ule mpira wa umbo la yai. Miaka 23. Wamarekani wenzake wengi walikuwa wameanza kuvaa helmeti wakiwa watoto wa shule, yeye anafundishwa jinsi ya kufunga mapedi. Ila kile alichokuja nacho hakifundishwi, urefu sentimita 185, kilo 118 hivi, na pamoja na uzito huo anakata yadi 40, ambazo ni kama mita 36 na nusu, kwa sekunde 4.4 na kitu. Kilo 118 zinakimbia spidi ya winga.

Misimu mitatu tu ya chuo, tena chuo ambacho hakikuwa kwenye ligi kubwa za vyuo zinazoonyeshwa kwenye TV, na 1987 Kansas City Chiefs wakamchukua kwenye drafti (zamu ya klabu za NFL kuchagua wachezaji wapya kutoka vyuoni), raundi ya pili, namba 35. Na jezi yake ikawa 35 pia. Kumbukeni Chiefs haohao kwenye raundi ya kwanza mwaka huo walishachukua raningi beki mwingine, Paul Palmer wa Temple, kijana aliyeshika nafasi ya pili kwenye kura za Heisman, ile tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Kwahiyo Okoye anaingia klabu akiwa wa pili kwenye foleni ya nafasi yake, na umri unagonga 26 wakati wenzake wanaingia na 21 au 22.

Msimu wa kwanza yadi 660. Wa pili, 1988, 473. Timu yenyewe ilikuwa mbovu, mechi 4 tu imeshinda 1987, na 1988 ikashinda tena 4 tu.

Alafu ikaja 1989. Kocha mpya Marty Schottenheimer kaletwa kutoka Cleveland Browns, mzee wa falsafa ya kukimbiza mpira na kuzuia, hana haja na mbwembwe. Akamwona huyu mwamba akampa mpira. Akampa tena. Na tena. Mara 370 kwa msimu mmoja, kwenye mechi 15, karibu mara 25 kila mechi. Mwisho wa msimu Okoye ana yadi 1,480 na tachidauni 12 (yaani kuvusha mpira mstari wa goli), namba moja NFL nzima kwa kukimbia na mpira. Miaka sita nyuma alikuwa mtupa kisahani ambaye mchezo huu haumhusu.

Hoja yangu kwenye uzi huu ni moja. Watu wanasema Okoye alikuwa nguvu tu, na wanasema lile taji aliachiwa. Mimi nasema alilinunua mwenyewe, na bei aliyolipa ni magoti yake. Karibuni.

#2

Mkuu uzi mzuri sana ila mimi umeniacha stendi. Raningi beki ni nani? Yadi anazipataje? Na kwanini mara 370 iwe ishu, si anakimbia tu?

#3 – Mleta mada

Swali zuri ndugu yangu, na ndo roho ya uzi.

Timu ina watu 11 uwanjani, uwanja una urefu wa yadi 100 kutoka mstari wa goli mpaka mstari wa goli. Timu yenye mpira inapewa majaribio manne ya kusogea angalau yadi 10, ikifanikiwa inapewa mengine manne, ikishindwa mpira unaenda upande wa pili. Kila jaribio kwotabeki anapewa mpira, ana njia mbili, aurushe kwa mtu aliyekimbia mbele au amkabidhi mkononi mtu aliyesimama nyuma yake. Huyo wa nyuma ndo raningi beki. Akishakabidhiwa, mbele yake kuna ukuta wa majitu ya pande mbili yanasukumana, kazi yake atafute upenyo apite. Kila anaposogea zinahesabiwa yadi.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Kila mara anapobeba, karibu zote zinaisha kwa kuangushwa. Na haangushwi na mtu mmoja kwa adabu kama faulo ya soka, anarukiwa na watu watatu wanne, wengine kilo 120 na zaidi, mwingine anamkumbatia miguu, mwingine anamgonga mbavuni na kofia ngumu. Anaamka, anarudi kwenye mstari, ndani ya nusu dakika anapewa tena. Kwahiyo unaposoma 370 usisome mbio 370, soma na maangushwaji zaidi ya 300 ndani ya miezi minne, ukiacha mazoezi. Schottenheimer alikuwa anamtuma Okoye katikati ya ukuta, sio pembeni kwenye nafasi. Wastani wake mwaka ule ulikuwa yadi 4.0 kila akibeba. Chini ya mita nne. Yote 1,480 kayachota kwa vipande vidogovidogo vya hivyo.

Na staili yake tafuteni video muone. Mapedi ya mabegani makubwa kuliko ya wenzake, hainami sana, anakimbia kifua mbele, beki wa kwanza akimshika mkono mmoja anaburuzwa, wa pili anadandia mgongoni anaburuzwa naye, ni lori la mchanga limekatika breki kwenye mteremko. Wakampachika jina la Nigerian Nightmare, jinamizi la mabeki.

#4

Mleta mada unajua kuandika lakini tuongee ukweli. Taji la 1989 Barry Sanders, raningi beki wa Detroit Lions, ndo alimwachia. Mechi ya mwisho kule Atlanta Lions wanaongoza, kocha Wayne Fontes anamwambia dogo zimebaki yadi kama 10 uwe namba moja, ingia ukamalizie, Barry akakataa, akasema timu inashinda inatosha, waingizwe wengine. Sanders yadi 1,470, Okoye 1,480. Dogo ana miaka 21, msimu wa kwanza, ameshika mpira mara 280 tu. Angeingia hata kwa mpira mbili tatu leo Okoye asingekuwa na cha kuandikiwa uzi.

#5 – Mleta mada

Mkuu nashukuru umeileta mwenyewe maana hii ndo ya kwanza kati ya vile vitu viwili nilivyosema.

Tukio ni kweli na Barry Sanders ninamheshimu mno, mtu aliyekuja kumaliza na yadi 15,269 ndani ya misimu 10 sina ubishi naye, na lile la kukataa kuingia linaonyesha ni binadamu wa aina gani. Siku ile alikuwa ameshakimbia yadi 158 na tachidauni 3, kazi yake aliimaliza.

Lakini angalieni jinsi stori inavyosimuliwa. Inasimuliwa kama vile yadi 1,480 za Okoye ziliokotwa. Zile 10 za Sanders ambazo hazikukimbiwa zimekuwa maarufu kuliko 1,480 ambazo mtu alizikimbia kweli! Hesabu hiyo mimi siikubali. Sanders alikuwa na wastani wa yadi 5.25, ni kweli, kipaji cha kukwepa ambacho hakijawahi kuonekana kabla yake na sijui kama kitaonekana, mfupi wa sentimita 173, anazunguka, anabadilisha mguu, mabeki wanashika hewa. Okoye hakuwa na hiyo. Okoye hakufundishwa kukwepa akiwa na miaka 8, alifundishwa mchezo mzima akiwa mtu mzima mwenye ndevu. Alichokuwa nacho ni kukubali kugongwa mara 90 zaidi ya mwenzake ili timu isogee. 370 toa 280 ni 90. Hizo 90 nani alimwachia?

Kitu kingine ambacho sioni watu wakikisema, hawa wawili waliondoka uwanjani na umri unaokaribiana sana. Sanders kaacha Julai 1999, ametimiza 31 mwezi huohuo. Okoye kaacha 1993 kwenye maandalizi ya msimu, miaka 32 hivi. Mmoja ana misimu 10, mwingine 6. Mmoja yupo Canton kwenye ukumbi wa magwiji tangu 2004, mwingine hayupo. Tofauti kubwa kati yao ipo mwanzoni, miaka ile ambayo mmoja alikuwa anakimbia vichochoroni Wichita na mpira kwapani na mwingine yupo Enugu na kisahani.

#6

Nasoma kutoka Nairobi, mada imenishika. Sisi tulikuwa na Daniel Adongo, mchezaji wa raga kabisa, Indianapolis Colts wakamsajili 2013 na hajawahi kucheza mechi hata moja ya huo mchezo maishani. Alicheza nafasi ya ulinzi na kwenye timu za mipira ya mateke, mechi chache, majeraha yakamsumbua, hadithi ikaishia hapo. Na Adongo alitoka raga, angalau raga kuna kugongana. Sasa huyu wenu ametoka kwenye kurusha kisahani, mchezo ambao haukugusi mtu, unasimama peke yako ndani ya duara. Hapo ndio mimi nashangaa zaidi.

#7 – Mleta mada

Asante sana jirani, Adongo nilimfuatilia na iliniuma alivyoishia.

Ila kwenye kisahani nikuongezee kitu. Mrusha kisahani anazunguka mara moja na nusu ndani ya duara la mita mbili na nusu, nguvu inaanzia kwenye unyayo inapanda kwenye nyonga ndo inatokea mkononi, ukikosea mguu umekwisha. Kwahiyo Okoye alikuwa tayari na nyonga na mapaja ya mlipuko na miguu inayojua ikanyage wapi. Hicho ndo kilikuwa kinawashinda mabeki, wanamvaa juu huku injini ipo chini. Watu waliokuwa wanasema ni nguvu tu hawajui kurusha.

#8

Wakuu mbona mnazunguka, clip ya Steve Atwater hamjaiona? Jumatatu usiku Denver, Septemba 1990. Okoye anakuja na kilo zake zote, Atwater anatoka nyuma anamkuta kifuani PAAA, lori limesimama. Limesimama na limekaa chini. Jinamizi likaamshwa siku ile. Kwa clip ile peke yake Atwater kaingia Canton.

#9 – Mleta mada

Hiki ndo kitu cha pili. Nilijua kitakuja.

Ilikuwa tarehe 17 Septemba 1990, uwanja wa zamani wa Mile High, Denver Broncos na Chiefs, mechi ya Jumatatu usiku ambayo nchi nzima inaangalia. Atwater alikuwa seifti, beki wa mwisho, kilo 98 hivi, msimu wake wa pili. Bahati ya historia ni kwamba siku ile alikuwa amevalishwa kinasa sauti, kwahiyo kishindo kipo na kelele zake zipo. Okoye kapewa mpira katikati, upenyo umefunguka vizuri, ameshapita ukuta, Atwater anashuka kwa kasi bila kupunguza, kifua kwa kifua. Okoye akarudi nyuma akaanguka. Ni moja ya takolo (kumwangusha mwenye mpira) bora zilizowahi kupigwa na siwezi kumnyang'anya Atwater haki yake. Ila sio kweli kwamba kaingia Canton kwa clip moja, yule ana vikombe viwili vya Super Bowl, fainali ya NFL, na miaka kumi ya kazi Denver, na kaingia na kundi la 2020.

Sasa mimi nawauliza. Okoye kwenye maisha yake yote NFL amebeba mpira mara 1,246. Elfu moja mia mbili arobaini na sita. Katika hizo, moja ndo inachezwa kwenye kila simu. Zile nyingine ambazo mabeki wa Raiders, wa Seattle, wa Denver hao hao, walikuwa wanaburuzwa yadi tatu nne na jamaa mgongoni hazichezwi, kwasababu hazishangazi, ilikuwa kawaida yake. Mtu mmoja mwenye kilo 98 kumsimamisha likawa tukio la kihistoria. Hebu fikirieni hilo linasema nini kuhusu aliyesimamishwa.

Na hata hiyo mechi Denver ilishinda 24 kwa 23. Pointi moja. Sio kwamba Chiefs walikunja jamvi baada ya lile takolo.

#10

Mimi naishi Kansas City hukuhuku, Missouri. Niwaambie tu kitu ambacho wa mbali hamkioni. Leo Chiefs ni kwotabeki Mahomes na makombe, tiketi za uwanja wa Arrowhead bei yake unaomba ushauri wa familia kwanza. Wazee wa hapa wanakwambia miaka ya 80 mwishoni uwanja ule ulikuwa na viti vitupu vingi, timu ilikuwa haina mvuto. 1989 ndo ilipogeuka, ameingia Carl Peterson kwenye uongozi, Marty kwenye ukocha, wamemchukua Derrick Thomas kwenye drafti kwa upande wa ulinzi, na kwenye kushambulia kulikuwa na Okoye. Mwaka huo wakashinda 8, wakapoteza 7, sare 1. Mwaka uliofuata 11 kwa 5. Na msimu wa 1991 wakawafunga Raiders 10 kwa 6 kwenye mtoano hapahapa Arrowhead, ushindi wa kwanza wa mtoano kwa klabu tangu ile Super Bowl ya Januari 1970. Miaka karibu 22. Ukikaa na mzee wa miaka 60 na kitu aliyevaa jezi 35 iliyopauka usimwambie kuhusu Atwater, atakuharibia siku.

#11 – Mleta mada

Mkuu wa Missouri umenigusa sana, asante. Hiyo ya viti vitupu ni muhimu, watu wanadhani klabu kubwa zilizaliwa kubwa.

#12

Naheshimu hisia za mleta mada lakini kuna sehemu namkatalia. Hii nadharia kwamba ukibeba mara 370 umekwisha, Wamarekani wameiandika sana na Okoye wanamtumia kama mfano. Kweli 1990 alishuka, mara 245 kwa yadi 805, wastani 3.3. Lakini 1991 je? Mara 225, yadi 1,031, tachidauni 9, wastani 4.6, akaitwa tena kwenye mechi ya nyota wa ligi kama 1989. Wastani wa 4.6 ni mkubwa kuliko wa mwaka wake wa taji! Mtu aliyekwisha anafanyaje hivyo? Mimi naona ni majeraha ya kawaida na umri, raningi beki wengi wakifika 30 wanashuka. Alianza 26, ulitegemea afike 36?

#13 – Mleta mada

Hapa ndo uzi umefika nilipotaka, na takwimu zako zote ni sahihi.

Angalia lakini 1991 ilikuwaje. Kazi ilikuwa imegawanywa. 1990 alitokea raningi beki mwingine, Barry Word, akamaliza yadi 1,015, yeye ndo akaongoza timu mwaka ule. 1991 Word yupo, na wameleta kijana Harvey Williams raundi ya kwanza ya drafti. Okoye anapumzika, anaingia akiwa na miguu. Kilo zilezile, mtu yuleyule, ukimpa mara 15 anakupa 4.6, ukimpa 25 anakupa 4.0 alafu kesho yake hatembei. Kwangu mimi hiyo inaonyesha kwamba angetumiwa kwa akili tangu 1989 tungekuwa na Okoye wa misimu minane au tisa. Asingekuwa na taji la 1989, sawa. Angekuwa na miaka.

Na wala simlaumu Schottenheimer kama mtu mbaya. Timu imeshinda 4 na 4, kwotabeki ni Steve DeBerg mzee wa miaka 35, una jitu la kilo 118 ambalo haliwezi kuangushwa na mtu mmoja, kocha yeyote wa enzi zile angefanya hivyohivyo. Mchezo ulikuwa unaendeshwa hivyo, James Wilder wa Tampa Bay 1984 alibebeshwa mara 407. Na Chiefs haohao mwaka 2006 wakambebesha Larry Johnson mara 416, rekodi ya NFL, na Johnson baada ya hapo hakurudi tena kuwa yule. Sasa hivi timu nyingi zinagawana mpira kwa watu wawili watatu, mtu kufika 370 ni nadra sana. Ligi imejifunza, imejifunza kwenye miili ya watu kama Okoye.

Hilo la umri nakubaliana na wewe nusu. Alianza 26, kwahiyo dirisha lilikuwa dogo tangu mwanzo. Lakini magoti yake hayakuwa na historia ya kugongwa tangu utotoni kama ya wenzake, aliingia na magoti mapya. 1992 akashuka mpaka yadi 448, wastani 3.1, tachidauni 6. Kabla msimu wa 1993 haujaanza akasema basi.

Na kinachoniuma zaidi ni huo mwaka wenyewe. 1993 ndo Chiefs wamemleta kwotabeki Joe Montana, wamemleta Marcus Allen kwenye nafasi ya Okoye, na timu ikafika fainali ya AFC, moja ya pande mbili za ligi, hatua moja kabla ya Super Bowl, ikatolewa na Buffalo. Ile timu Okoye kaijenga na magoti yake alafu karamu yenyewe hayupo.

#14

Dada hapa, sijawahi kuangalia huu mchezo hata siku moja ila nimesoma mpaka mwisho. Kaka naomba kuuliza, Nigeria waliomwacha 1984 walisema nini baadaye? Na jumla yake ikawa ngapi? Na sasa hivi yupo wapi?

#15 – Mleta mada

Karibu sana dada yangu.

La Nigeria nitakujibu kwa ninavyoona mimi. Kumwacha mtu kwenye timu ya taifa ni maamuzi yanayofanyika kila nchi kila mwaka, na wanamichezo wa Afrika walio vyuoni Marekani miaka ile walikuwa mbali na macho ya wanaochagua. Ila matokeo yake ni haya, nchi ilipoteza mrusha kisahani, na nchi nyingine ikaokota raningi beki. Mtu kama yule angeweza kurudi kwenye kisahani mpaka 1988. Alikuwa na hasira na akaitafutia kazi ya kufanya, hilo ndo nampendea zaidi ya yadi zote.

Jumla: misimu 6, mara 1,246, yadi 4,897, tachidauni 40. Alipoondoka hakuna aliyekuwa amewahi kukimbia yadi nyingi kuliko yeye kwenye historia ya Chiefs, na alizipata ndani ya miaka sita tu. Baadaye wakampita Priest Holmes, Larry Johnson na Jamaal Charles, ambaye ndo anashikilia rekodi ya klabu kwa yadi 7,260. Mwaka 2000 Chiefs wakamwingiza kwenye ukumbi wao wa heshima. Canton hayupo na kwa misimu sita sioni akiingia.

Watoto wa miaka ya 90 Marekani wengi wamemjua kupitia Tecmo Super Bowl, gemu la Nintendo la 1991, ndani yake Okoye anagonga mabeki wanaruka pembeni mmoja baada ya mwingine, ukikutana na mtu kachagua Chiefs unajua unaenda kuteseka.

Yeye mwenyewe alibaki California. Ana taasisi yake inayosaidia watoto kupitia michezo, na ndo mwanzilishi wa ukumbi wa heshima wa wanamichezo wa jimbo la California. Chuo chake Azusa Pacific kilifuta timu ya futiboli mwaka 2020, kwahiyo uwanja aliofundishiwa kufunga mapedi hauna timu tena.

#16

Mkuu nataka kuanza kumwangalia, nianzie wapi?

#17 – Mleta mada

Anza na mechi za 1989, tafuta za Oktoba na Novemba ambapo anapewa mpira mfululizo robo ya nne, Chiefs wanaongoza kidogo wanataka kumaliza muda. Usiangalie mpira, angalia mabeki wa upande wa pili. Robo ya kwanza wanamkimbilia. Ikifika robo ya nne utaona wanachelewa nusu hatua kabla ya kumvaa, na wengine wanajifanya wamezuiwa. Ukimaliza hizo niambie nikutumie za 1991.